Ufukwe Usio na Barabara

Ukisimama Nyabibuye huwezi kuliona Ziwa Tanganyika. Unachokiona ni vilima vya Kakonko vikifuatana kuelekea Burundi, migomba, mashamba ya mihogo na maharage, na moshi wa jioni ukilala mabondeni. Hata maji ya nyanda hizi za juu hayaendi ziwani moja kwa moja. Mto Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpaka, lakini unakwenda kwanza kaskazini-mashariki ukitenganisha nchi mbili, unageuka kusini, unatawanyika katika mabwawa ya tambarare, na baadaye sana ndipo unaposhika njia ya magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Ni safari ya zaidi ya kilomita 450.

Watu wa Kibondo, Kakonko na Kasulu nao wamelifikia ziwa kwa kuzunguka, na kila mara kwa shughuli maalumu. Walishuka Uvinza kutafuta chumvi. Walishuka Ujiji na mbuzi, asali na nafaka, wakarudi na samaki wakavu. Wakati wa ukoloni vijana wa Kiha kwa maelfu waliondoka kwao kwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, na wengi wao waliliona ziwa kwa mara ya kwanza walipofika Kigoma, mwisho wa reli, kusubiri treni. Kwa wazee wetu ziwa lilikuwa mahali pa kazi, biashara na kuagana. Sijasikia hadithi ya mzee aliyeshuka milima ile kwa ajili ya kulitazama tu.

Siku hizi mwaliko ni wa namna nyingine. Kijana aliyesoma, mwenye simu na likizo fupi, anaambiwa apande boti Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ashuke Gombe, apewe mwongozaji, na atembee kwa miguu kandokando ya ziwa hadi ufukwe wa Mitumba. Anaahidiwa maji maangavu, kokoto, msitu unaoshuka hadi ukingoni, na hakuna mtu mwingine. Maneno yanayorudiwa ni yaleyale: ufukwe tulivu, ufukwe uliojitenga, mahali ambapo hakuna barabara.

Ahadi hiyo ni ya kweli. Mwambao ule ni mzuri kuliko picha zake. Ninachotaka kuuliza ni swali la historia: ufukwe huo ulijitenga lini, na nani aliutenga? Mwambao wa kaskazini mwa Kigoma haukuwa mahali pa upweke tangu mwanzo. Upweke wake una tarehe, una sheria, na una watu walioulipia. Na kilomita chache tu kaskazini mwa hifadhi, ukosefu uleule wa barabara unaouzwa kama starehe uliwahi kugeuka kuwa mtego.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana nayo ina sehemu yake. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake lenye kina kikubwa zaidi. Ukuta wa bonde hilo haukomi majini. Unashuka kutoka nyanda za juu, unapita usawa wa maji na kuendelea chini. Ndiyo maana katika mwambao wa Gombe kuna hatua chache tu kati ya mahali unapoweza kuogelea na mahali unapoanza kupanda kwa mikono na miguu. Hifadhi yenyewe ni ukanda mwembamba, takriban kilomita za mraba 35 za nchi kavu, uliokatwa na mabonde yenye vijito vinavyoshuka kutoka kwenye mgongo wa mlima: Mitumba, Rutanga, Linda, Kasekela, Kakombe, Mkenke, Nyasanga na mengine. Kujenga barabara kukatiza mabonde kama hayo ni gharama kubwa, na kwa muda mrefu haikuwepo serikali iliyoona faida ya kuilipa.

Lakini kukosa barabara ya magari hakukuwa na maana ya kukosa njia. Njia ilikuwa maji, pamoja na ule ukanda wa mchanga na kokoto uliopakana nayo. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858 na kukuta soko lenye shughuli, lenye watu wa pwani, Waha, Wajiji na watu wa ng'ambo ya ziwa. Walipotaka kwenda kaskazini hawakukata msitu. Walipanda mitumbwi iliyopigwa kasia kwa kufuata ukingo, ikipumzika ufukweni usiku. Mwishoni mwa 1871, baada ya kukutana Ujiji, Henry Morton Stanley na David Livingstone walikwenda njia hiyohiyo kuchunguza kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waligundua unaingia. Katika maelezo ya safari hiyo Stanley anataja kituo alichokiandika Niasanga. Mtu anayejua mabonde ya Gombe atalitambua jina hilo bila shida.

Mwambao huo, basi, ulikuwa barabara kuu. Ulipitisha wavuvi, wafanyabiashara, wapagazi, pembe za ndovu, chumvi, na ulipitisha watumwa. Fukwe ambazo leo tunazitafuta ili tusikutane na mtu zilikuwa vituo vya kulala vya watu wengi, na baadhi yao hawakuwa wamechagua safari hiyo.

Hapa inafaa kukumbuka neno moja la misafara. Aliyetangulia mbele ya msafara wa bara aliitwa kirangozi. Burton anamweleza kwa kirefu: alibeba bendera, alivaa mavazi ya kuonekana, na yeye ndiye aliyejua njia ipi ina maji na chifu yupi anadai hongo kiasi gani. Mtu aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Neno hilo ni ndugu wa kiongozi, neno ambalo leo tunawapa mawaziri na makatibu wa vyama. Kiongozi wetu wa kwanza katika lugha alikuwa mtu wa miguu, na heshima yake ilitokana na kuijua njia.

Kwa hiyo mwambao ulikuwa na watu, njia na viongozi wake. Kilichobadilika ni mwaka 1943. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitangaza eneo la Gombe kuwa pori la akiba ili kuwalinda sokwe. Watu waliokuwa wakiishi na kulima katika mabonde yale walitakiwa kuondoka. Baadaye ni wavuvi tu walioruhusiwa kukaa ufukweni kwa msimu, wakivua dagaa usiku kwa taa na kuwaanika mchana juu ya kokoto. Ukisoma maelezo ya miaka ile utaona ufukwe unaometameta kwa dagaa na vibanda vya nyasi vya wavuvi. Nyuma yake, mlimani, mashamba ya zamani yalikuwa yakirudi kuwa msitu.

Huo ndio mwanzo wa ule upweke. Sheria ilifanya kazi katika mabonde ambayo jiografia peke yake haikuwa imeweza kuyatenga na watu. Simaanishi kwamba sheria ile haikuwa na matunda. Bila hiyo huenda leo mlima mzima ungekuwa upara kama vilima vingi vinavyoizunguka hifadhi, na sokwe wangebaki kwenye simulizi. Lakini mtu anayetembea pale leo na kusema "hapa hapajaguswa na binadamu" anasema jambo ambalo wajukuu wa waliohamishwa wanajua si kweli. Palikuwa na nyumba na makaburi, na mahali pakiwa na makaburi pamekwisha kuguswa.

Tarehe 14 Julai 1960 boti ilimshusha kwenye ufukwe huo mwanamke wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, Jane Goodall, aliyetumwa na Louis Leakey kuchunguza sokwe. Serikali haikukubali akae porini peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake, Vanne, pamoja na mpishi. Kambi yao ilikuwa karibu na maji. Vanne alifungua zahanati ndogo kwa ajili ya wavuvi, akigawa aspirini na kufunga vidonda, na zahanati hiyo ndiyo iliyowafanya wageni hao wakubalike. Jane, kwa upande wake, alitakiwa kufuatana na wenyeji mlimani. Miongoni mwa waliomtembeza miaka ile alikuwa Rashidi Kikwale, mtu wa maeneo yale, aliyezijua njia za nyani na za nguruwe ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote.

Dunia inakumbuka kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1960 Jane aliona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya walichokuwa wakisema kuhusu binadamu na zana. Mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Majina ya sokwe yakajulikana kuliko majina ya watu waliowafuata kila siku kwa kalamu na daftari. Kuna watoto Ulaya wanaomjua Flo na mwanawe Flint, lakini si wengi, hata kwetu Kigoma, wanaolijua jina la Hilali Matama, mmoja wa Watanzania waliofanya kazi hiyo ya kuwafuata sokwe kwa miaka mingi.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 19 Mei 1975. Boti ilivuka ziwa kutoka upande wa Zaire na kushusha watu wenye silaha kwenye ufukwe wa Gombe. Walikuwa wapiganaji wa Laurent Kabila, ambaye miaka 22 baadaye angekuwa rais wa nchi hiyo. Waliwateka watafiti vijana wanne, watatu Wamarekani na mmoja Mholanzi, wakavuka nao tena. Wote waliachiliwa hatimaye, baada ya wiki nyingi za mazungumzo na fedha. Ufukwe uliosemwa kuwa umejitenga ulikuwa umejitenga kwa mtu anayetoka Kigoma mjini kwa barabara tu. Kwa mtu wa ng'ambo, mwenye boti na usiku usio na mbalamwezi, ulikuwa mlango ulio wazi.

Baada ya tukio hilo wageni waliondolewa. Hapo ingetarajiwa utafiti ukome. Haukukoma. Wasaidizi wa Kitanzania, ambao wengi walikuwa wameajiriwa kama waongozaji wa njia, waliendelea kupanda mlimani kila asubuhi, kufuata sokwe, kujaza fomu na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Kumbukumbu za Gombe zinazosifiwa duniani kwa kudumu zaidi ya miaka 60 zina daraja hapo katikati, na daraja hilo lilishikiliwa na watu wa vijiji vya jirani. Aliyeajiriwa kuonyesha njia ndiye aliyebaki njiani wenye safari walipoondoka.

Miaka hiyohiyo mwambao uliendelea kupokea watu wengine, wasiohesabiwa kama watalii wala watafiti. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yaliwaleta wakimbizi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vikawaleta tena. Vita vya Zaire mwaka 1996 viliwavusha Wakongo kwa mitumbwi, na kwa ajili yao ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kila mara hadithi ilikuwa na sehemu mbili: ufukwe wa kushukia, na nyanda za juu za kupelekwa. Kwa njia hiyo sisi wa juu tumelijua ziwa kwa watu waliofika kwetu kutoka huko, hata kama wengi wetu hatujawahi kulikanyaga.

Mwaka 2015 sehemu ya kwanza ya hadithi hiyo ilitokea Kagunga. Kagunga ni kijiji cha mpakani kabisa, kaskazini mwa Gombe, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga uliobanwa kati ya ziwa na mlima mrefu. Aprili mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi aliteuliwa na chama chake kugombea muhula wa tatu. Maandamano yakaanza Bujumbura, katikati ya Mei likafuata jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na watu wakaanza kukimbia. Wengi walikuja kusini kwa miguu na kwa boti kufuata ziwa, wakavuka mpaka, na wakasimama pale ukanda wa mchanga ulipowafikisha.

Hapakuwa na barabara ya kuendelea. Nyuma yao palikuwa na mlima, na mbele yao maji. Kijiji cha watu elfu kadhaa kilijikuta na umati ambao makadirio ya wakati ule yaliufikisha watu 50,000. Walilala mchangani, chini ya vitenge na matawi. Waliyanywa maji ya ziwa waliyoogea, na ziwa lilelile ndilo lililokuwa choo kwa asiyeweza kupanda mlima. Kipindupindu kilifika haraka. Kufikia tarehe 22 Mei Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limehesabu wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, karibu vyote vya wakimbizi na vichache vya wenyeji. Kipindupindu ni ugonjwa ambao dawa yake ya kwanza ni maji safi yenye chumvi na sukari. Watu walikufa kando ya ziwa lenye sehemu kubwa ya maji baridi ya dunia hii.

Chombo kilichowatoa pale kilikuwa meli kongwe. MV Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipandevipande kwa reli na kuunganishwa Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Mei 2015, ikiwa na umri wa miaka 100, ilitia nanga mbali kidogo na Kagunga, kwa kuwa hakuna gati. Mitumbwi na boti za wavuvi zikawasogeza wakimbizi hadi ubavuni mwake, watu 600 kwa safari moja. Ilikwenda Kigoma, ikarudi, ikaenda tena. Mjini walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapandishwa mabasi kwenda Nyarugusu.

Nyarugusu ilipojaa, historia ilipanda hadi kwetu kabisa. Oktoba 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya, na Januari 2016 ikafuata Mtendeli, wilayani Kakonko, wilaya yenye Nyabibuye. Watu waliokuwa mchangani Kagunga wakawa majirani waliokuja sokoni kutafuta vibarua, na lugha yao ilikuwa karibu kiasi kwamba Muha na Mrundi hawakuhitaji mkalimani. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021. Mahema yameondoka, lakini mwenyeji wa umri wa miaka 25 leo anakumbuka vizuri jinsi lori moja baada ya lingine lilivyopita.

Ninaiweka Kagunga kando ya Mitumba kwa sababu ni mwambao mmoja. Mtu mwenye boti anaweza kuzitembelea zote mbili kwa siku moja. Zote zina mlima nyuma na maji mbele, na zote zilikosa barabara. Kwa mgeni aliyelipia safari, ukosefu huo ni utulivu, kwa sababu boti yake inamsubiri na siku yake ya kurudi inajulikana. Kwa mtu asiye na boti ya kumrudisha, ni ukuta. Na kwa mama wa Mwamgongo au Kagunga anayeshikwa na uchungu usiku wakati ziwa limechafuka, ni jambo la kufa na kupona kila msimu wa upepo, bila kamera ya mwandishi wa habari kuwapo.

Kwa hiyo sishangai kwamba wanavijiji wa mwambao huo wamedai barabara kwa miaka, na kwamba kazi ya kuifungua njia ya Mwandiga, Chankele hadi Kagunga imepokelewa kwa shangwe. Upande wetu wa juu, barabara ya lami ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilomita 260, nayo inafupisha safari ambayo zamani ilimaliza siku nzima na mgongo. Wapo watakaolalamika kwamba barabara zitaharibu utulivu. Hofu hiyo ina msingi: barabara huleta mkaa, mashamba na vibanda, na sokwe wa Gombe tayari wamezungukwa. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwapata sokwe wale wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukisumbua watu wa eneo hilo. Ukaribu wetu unaweza kuwaua. Lakini mjadala huo uendeshwe kwa hesabu kamili. Upande mmoja wa mizani kuna msitu na sokwe. Upande wa pili kuna watu ambao upweke tunaoupenda kwa siku mbili wao wanaishi nao mwaka mzima.

Ziwa nalo halijanyamaza katika mjadala huu. Miaka ya karibuni maji yamepanda, yakameza sehemu za fukwe na kuziingia nyumba za kando ya ziwa Kigoma na Bujumbura. Na kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu taa za wavuvi hazikuonekana usiku na vichanja vya dagaa vilikauka bila dagaa. Mtalii aliyepita wakati huo aliona fukwe tulivu kuliko kawaida. Kila kaya ya wavuvi ilijua bei ya utulivu huo kwa sahani ya ugali.

Nasema haya bila kumkataza mtu kwenda. Nenda. Panda boti Kibirizi mapema, maana ni polepole na inasimama kila kijiji, na ukae karibu na wanaobeba mawese na mitungi ya gesi, kwa sababu ndio wenye njia hiyo. Ukifika Gombe zingatia masharti: ukiwa na mafua usipande kwa sokwe, na ukiwaona usiwasogelee. Usiache chakula wazi ufukweni; nyani wa pale ni wezi wenye uzoefu. Kokoto ni ngumu miguuni, kwa hiyo vaa viatu vinavyoweza kulowa, kwa sababu utavuka vijito vingi vidogo vinavyotoka mabondeni.

Na umtumie mwongozaji wako ipasavyo. Wengi humuuliza jina la ndege, umri wa sokwe na mahali pazuri pa kupiga picha, naye hujibu kwa adabu kwa sababu ndiyo kazi yake. Muulize pia bonde hili lilikuwa la ukoo gani kabla ya 1943. Muulize babu yake alianika dagaa wapi, na kama kuna mtu wa familia yake aliyefanya kazi mlimani baada ya 1975. Muulize alikuwa wapi Mei 2015 na aliona nini kikipita majini. Huenda atanyamaza kidogo kwanza. Mpe nafasi, tembea nyuma yake, na usimpite. Wapagazi wa zamani walijua kwa nini kosa hilo lilikuwa na faini.